Boksi la Sentimita Kumi

Jirani yangu alichimba tanki chini ya kibaraza cha nyumba yake, Goba, Dar es Salaam, kwa sababu maji ya bomba huko mlimani hupanda yanapotaka. Kazi ilipokwisha fundi alishika futikamba akapima ndani: urefu sentimita 250, upana 200, kina 200. Akazidisha kwenye simu, ikaja 10,000,000. Akagawanya kwa 100, maana kila aliyepita shule ya msingi anajua kwamba sentimita mia moja ni mita moja, akapata 100,000. "Mzee, hili linabeba lita laki moja," akatangaza. Jirani akafurahi. Akapatana na mwenye boza la lita 10,000 alete safari kumi, na safari tano akazilipia papo hapo.

Boza la kwanza likamimina maji yote. Lilipomaliza, tanki lilikuwa limejaa hadi kwenye mfuniko, na boza la pili lilikuwa tayari linapanda mlima huku linapiga honi. Ndipo nilipopigiwa simu. "Injinia, njoo mara moja. Hili tanki limefanya nini?"

Tanki halikuwa limefanya kitu. Hata fundi, ukimtazama kwa haki, kuzidisha kwake kulikuwa sahihi, na ni kweli kwamba sentimita mia ni mita. Kosa lake ni kwamba alilipa mara moja deni linalodaiwa mara tatu. Mita ya ujazo ina urefu, ina upana na ina kina, na kila upande unadai mia yake. Mia mara mia mara mia ni milioni moja. Milioni kumi ukiigawanya kwa milioni unapata 10: mita za ujazo kumi, ambazo ni lita 10,000, yaani boza moja bila kubaki tone. Kisha kuna kosa la pili ambalo watu hawalioni kwa kuwa limejificha nyuma ya la kwanza. Ile laki moja aliyoipata ilihesabu vipande vya sentimita za ujazo mia moja, yaani desilita. Si mita, si lita. Aliiita lita kwa sababu tu ilikuwa na sura ya lita.

Nimefanya kazi za maji muda mrefu, na kosa hili nimelikuta kwa mafundi, kwa makarani wa miradi, kwa wanafunzi wa vyuo, na mara moja kwenye karatasi niliyoiandika mwenyewe usiku nikiwa na usingizi. Halitokani na ujinga. Linatokana na namna tunavyofundishwa vizio vya ujazo: jedwali refu la kukariri, na wimbo wa "ukishuka zidisha, ukipanda gawanya", bila mtu kuonyeshwa kile kinachozidishwa.

Kinachozidishwa ni boksi. Lita ilizaliwa Ufaransa, kwa sheria ya tarehe 7 Aprili 1795, siku za mapinduzi, wakati kila mji ulikuwa na kipimo chake cha nafaka na cha mvinyo na hakuna aliyeliamini kopo la mwenzake. Sheria ile ilisema lita ni ujazo wa mchemraba ambao kila upande wake ni sehemu ya kumi ya mita. Sentimita kumi kwa kumi kwa kumi. Ukikata katoni ukatengeneza boksi la namna hiyo, ukatandika mfuko wa plastiki ndani na kumimina maji ya chupa ya lita moja, maji yatafika ukingoni na kuishia hapo.

Sasa litazame boksi hilo kwa ndani. Tuseme una vidude vidogo vya ukubwa wa dadu, kila upande sentimita moja. Mstari mmoja wa vidude kwenye sakafu ya boksi unameza kumi. Sakafu nzima ina mistari kumi, kwa hiyo vidude mia. Juu ya sakafu hiyo zinapangwa tabaka nyingine mpaka zitimie kumi, na boksi linajaa vidude elfu moja. Kila kidude ni sentimita moja ya ujazo, na kwa kuwa ni sehemu ya elfu ya lita, jina lake la pili ni mililita. Halafu geuza: lichukue boksi lenyewe ulifanye kidude, uyapange maboksi ndani ya kreti la mita moja kila upande. Kumi kwenye mstari, mia kwenye sakafu, elfu moja kreti zima. Hiyo ndiyo mita ya ujazo, lita elfu moja, ambayo pia huitwa kilolita.

Elfu, na elfu tena. Mtu aliyekwisha kuliona boksi hili hana haja ya jedwali, kwa sababu akisahau anaweza kulijenga upya kichwani akiwa amesimama shambani.

Jedwali la shule, kwa upande wake, lina ngazi mbili, na watu huteleza pale wanaporuka kutoka moja kwenda nyingine. Ngazi ya kwanza ni ya lita: kilolita, hektolita, dekalita, lita, desilita, sentilita, mililita. Hapa kila kidato ni kumi. Ngazi ya pili ni ya michemraba: mita ya ujazo, desimita ya ujazo, sentimita ya ujazo, milimita ya ujazo. Hapa kila kidato ni elfu. Zinagusana mahali patatu tu: kilolita ni mita ya ujazo, lita ni desimita ya ujazo, mililita ni sentimita ya ujazo. Vidato vingine vya ngazi ya lita vinaning'inia katikati bila mwenza. Dekalita sijawahi kuiona nje ya mtihani. Hektolita hutumiwa na viwanda vya bia. Sentilita utaikuta kwenye chupa za mvinyo wa Ulaya, 75 cl, ambayo ni mililita 750.

Mtego mkubwa upo kwenye neno "senti". Sentilita ni sehemu ya mia ya lita, hilo halina ubishi. Lakini sentimita ya ujazo si sehemu ya mia ya mita ya ujazo, ni sehemu yake ya milioni. Neno "ujazo" pale limeishika sentimita nzima na kuizidisha kwa yenyewe katika pande zote tatu, pamoja na ile "senti" yake. Ndiyo maana sentilita moja ina sentimita za ujazo kumi, ingawa kwa sikio majina hayo yanafanana kama ndugu wa tumbo moja.

Na tukiwa kwenye majina: acheni kuandika "lita za ujazo". Nimeisoma kwenye mabango ya miradi na kwenye hotuba. Lita tayari ni ujazo, haina upande mwingine wa kuongezewa. Anayesema lita za ujazo ni sawa na anayesema kilo za uzito wa uzito.

Dawa ninayowapa mafundi ni ndogo, nayo ni ile desimita ambayo shuleni tulidhani haina kazi. Usizidishe kwanza ndipo ubadilishe. Badilisha pande kabla ya kuzidisha, na uziweke katika desimita. Tanki la jirani lilikuwa desimita 25 kwa 20 kwa 20. Zidisha: 10,000. Jibu linakuja likiwa lita tayari, maana desimita ya ujazo ndiyo lita. Hakuna sifuri za kuhesabu wala kugawanya kwa milioni. Kisima cha duara nacho ni hivyo hivyo. Kama kina upana wa mita 1.2 na maji yamesimama mita 3, basi nusu ya upana ni desimita 6 na kina cha maji ni 30. Sita mara sita ni 36, mara 3.14, mara 30, unapata karibu lita 3,400. Fundi wa Goba alizidisha kwa njia hii mara mbili mbele yangu, akacheka, akaandika kwa mkaa ukutani: "25 x 20 x 20". Maandishi hayo bado yapo.

Kuna kisa kimoja ambacho wahandisi hupenda kukizungumza. Kati ya mwaka 1901 na 1964, lita haikuwa boksi letu hasa. Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani, ule wa kimataifa, uliamua mwaka 1901 kwamba lita iwe nafasi inayochukuliwa na kilo moja ya maji safi, pale maji yanapokuwa mazito kuliko wakati wote, karibu nyuzi 4 za Selsiasi. Ilionekana ni karibu kitu kile kile. Lakini kilo ya mfano iliyohifadhiwa Ufaransa ilikuwa imetengenezwa nzito kidogo kuliko ilivyokusudiwa, kwa hiyo lita ile mpya ikawa desimita za ujazo 1.000028. Kwa miaka 63 mililita na sentimita ya ujazo vilikuwa vitu viwili tofauti kwa mujibu wa sheria, na wanasayansi waangalifu walilazimika kuandika wanatumia ipi. Mwaka 1964 mkutano huo huo ukafuta uamuzi wa zamani na lita ikarudi ndani ya boksi. Kama unataka kuujua ukubwa wa ugomvi huo, katika tanki la lita 10,000 tofauti ni mililita 280. Kikombe cha chai.

Undugu kati ya lita na kilo, pamoja na kasoro hiyo, ndio unaotufaa zaidi kila siku. Lita ya maji ni kilo moja, kwa hesabu ya mtu wa kawaida. Ndoo ya lita 20 kichwani mwa mama ni kilo 20, na ndoo yenyewe juu yake. Mita ya ujazo ya maji ni tani moja. Hili la tani ndilo ninalotamani lisomwe na kila anayejenga mnara wa tanki kwa mabomba mepesi na saruji ya kubahatisha. Tanki la plastiki la lita 5,000 likiwa tupu vijana wawili wanalibingirisha barabarani kwa mzaha. Likijaa, kuna tani tano juu ya vichwa vya watoto wanaocheza kivulini.

Lakini undugu huo ni wa maji peke yake. Mafuta ya kula ni mepesi, lita moja ina takriban kilo 0.92, kwa hiyo dumu la lita 20 lina kilo zipatazo 18 na nusu. Asali ni nzito. Ndoo ya lita 20 ya asali ya Tabora hukaribia kilo 28. Mfanyabiashara anayenunua asali kwa ndoo na kuiuza kwa kilo anaijua tofauti hiyo vizuri, na mfugaji nyuki asiyeijua ndiye anayemlipa faida.

Sokoni, kwa kweli, ndiko ujazo unakoishi. Wazee wa pwani walipima nafaka kwa kibaba, vibaba vinne vikafanya pishi, na hicho kilikuwa kipimo cha ujazo, si cha uzito. Kibaba kinajazwa. Ndivyo lilivyo neno lenyewe la Kiswahili, ujazo, limetoka kwenye kujaa. Hatukuanza kupima kwa kuzidisha pande, tulianza kwa kumimina mpaka kijae.

Debe ni mrithi wa desturi hiyo. Lilikuja likiwa bati la mafuta ya taa la galoni nne za Kiingereza. Galoni ya Kiingereza ni lita 4.546, kwa hiyo debe la asili lina lita 18.18. Kisha ikaja ndoo ya plastiki ya lita 20, ikarithi jina bila kurithi ukubwa. Leo mtu akikuambia "debe la mahindi", muulize debe lipi. Madebe kumi na moja ya bati ni lita 200, na ndoo kumi za plastiki ni lita 200. Mkulima anayepimiwa kwa ndoo na kulipwa kwa bei ya debe la bati anatoa debe moja bure katika kila kumi, bila mtu yeyote kumwibia kwa macho.

Kisha kuna sado, kopo la rangi la lita nne lililoacha kazi ya rangi na kwenda kuuza nyanya, maharage na mkaa. Sado tano zinajaza ndoo ya lita 20, hesabu nzuri kabisa, isipokuwa hakuna muuza maharage anayeuza sado iliyosawazishwa kwa mti. Inawekwa kilima. Na kilima kinahesabika. Chukua kopo lenye upana wa sentimita 18 na kilima chenye urefu wa sentimita 6. Umbo lake ni pia iliyogeuzwa, kwa hiyo ni theluthi moja ya 3.14 mara 9 mara 9 mara 6, ambayo ni takriban sentimita za ujazo 509. Nusu lita. Yaani ukizoea kuuziwa na kilima halafu siku moja ukauziwa bila hicho, umepunjwa sehemu moja kati ya tisa. Ng'ambo ya mpaka, Kenya, kazi ya sado inafanywa na gorogoro, na kilima ni kile kile. Kwenye magunia kilima kikawa kikubwa hata kikapewa jina, lumbesa, na hapa kwetu Tanzania sheria ya vipimo ikakipiga marufuku. Lumbesa si uzito uliozidi tu. Ni ujazo usio na ukingo, na kitu kisicho na ukingo hakiwezi kuwa kipimo.

Ujazo una tabia nyingine inayowashangaza watu: haujumlishiki kama fedha. Mfuko wa saruji wa kilo 50 una ujazo wa karibu lita 35. Kwa zege ya moja kwa mbili kwa nne, mafundi huweka lita 70 za mchanga, ambazo ni ndoo tatu na nusu, na lita 140 za kokoto, ndoo saba. Ukijumlisha ni lita 245. Ukishachanganya na maji na kushindilia utapata kama lita 160 za zege, si zaidi. Hakuna aliyeiba. Mchanga umeingia kwenye nafasi zilizokuwa kati ya kokoto, na saruji imeingia kwenye nafasi za mchanga. Anayenunua vifaa kwa kupima ukubwa wa jamvi na kuagiza mita za ujazo zile zile za mchanga na kokoto kwa jumla ataishiwa kazi ikiwa robo tatu hivi, kwa kawaida Ijumaa jioni.

Sasa mita ya maji, ile iliyoko getini. Namba nyeusi ni mita za ujazo, na hizo ndizo zinazoitwa uniti kwenye bili. Namba nyekundu ni vipande vya uniti: ya kwanza ni mamia ya lita, inayofuata makumi, ya mwisho lita moja moja. Kama nyeusi zinasoma 00347 na nyekundu 682, basi tangu mita ifungwe zimepita lita 347,682. Msomaji wa mita anaandika 347 tu, nyekundu anakuachia. Usichanganye uniti hii na ya LUKU, hiyo ni ya umeme na haina lita ndani yake. Uniti moja ya maji ni madumu hamsini ya lita 20. Ukijua hilo unaweza kulinganisha bei bila kumwuliza mtu. Dumu likiuzwa shilingi 200 kwa mwenye mkokoteni, uniti inakuwa shilingi 10,000. Chukua bili yako uangalie unatozwa ngapi kwa kiasi hicho hicho, na utaelewa kwa nini watu wasio na bomba ndio wanaolipa maji ghali zaidi mjini.

Hata injini hupimwa kwa ujazo. Pikipiki ya bodaboda ya cc 150 ina injini ambayo pistoni yake inafagia sentimita za ujazo 150, yaani mililita 150, chini ya theluthi ya chupa ya maji ya nusu lita. Gari la cc 1,500 ni lita moja na nusu. Ni kitu kile kile, ila "cc" husikika gereji na "lita" kwa wauza magari.

Ile "cc" utaikuta pia kwenye bomba la sindano, na hapo ndipo sitanii. Cc moja ni mililita moja, basi. Kijiko cha dawa ni mililita 5, lakini vijiko vya chai vya majumbani havikutengenezwa kwa mkutano wowote wa vipimo, kingine kinabeba 3 na kingine 7. Dawa ya maji ya mtoto ipimwe kwa kikombe chake au kwa bomba lisilo na sindano. Nukta ndiyo adui: 0.5 ikisomwa 5, mtoto amepewa mara kumi. Ndiyo sababu wauguzi waangalifu huandika sifuri kabla ya nukta, na ndiyo sababu mwaka 1979 iliruhusiwa rasmi kuandika lita kwa herufi kubwa L, maana l ndogo mbele ya tarakimu huonekana kama moja. Dawa ya chumvi na sukari ya kuharisha nayo, pakiti nyingi ni za lita moja ya maji, lakini zipo za nusu lita. Soma pakiti kabla ya kuchota. Na bomba la insulini lina uniti zake, 100 kwa kila mililita katika insulini ya kawaida, kwa hiyo alama ya 10 pale ni sehemu ya kumi ya mililita, si mililita kumi. Bomba hilo lisitumike kupimia dawa nyingine.

Upande wa pili wa ngazi kuna idadi kubwa mno, na huko hata wanaoandika habari hupotea. Bwawa la Kidunda linalojengwa kwenye mto Ruvu limebuniwa kuhifadhi mita za ujazo milioni 190, ambazo ni lita bilioni 190. Zote mbili ni sahihi. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Rufiji linabeba mita za ujazo zaidi ya bilioni 30. Atakayeandika "lita bilioni 30" kwa haraka atakuwa amelifanya bwawa kubwa kuliko yote nchini liwe dogo kuliko sehemu ya sita ya Kidunda, na msomaji hatashtuka, kwa sababu bilioni ni bilioni masikioni. Kwa ukubwa huo ni afadhali kupanda hadi kilomita ya ujazo. Kidato hicho ni bilioni moja ya mita za ujazo, elfu mara elfu mara elfu. Bwawa la Rufiji ni kilomita za ujazo thelathini na kitu. Ziwa Tanganyika ni kama 18,900.

Nimerukia maziwa ilhali nilitaka kumalizia na mvua, ambayo ndiyo iliyompata jirani yangu. Mvua hupimwa kwa milimita, na watu huuliza milimita ya nini, maji yana urefu gani. Lichukue boksi letu la lita moja, ulikanyage mpaka liwe chapati ya mraba yenye upana wa mita moja kila upande. Unene wa chapati hiyo utakuwa milimita moja kamili. Kwa hiyo milimita moja ya mvua ni lita moja kwenye kila mita ya mraba ya bati. Bati la jirani linafunika mita za mraba 90. Ili lijaze lita 10,000 linahitaji milimita 111, na kwa kuwa sehemu ya tano hivi hupotea kwa kurukaruka, kukauka na mifereji inayovuja, tuseme 140. Dar es Salaam mwezi Aprili kwa wastani hupata zaidi ya 200. Nikamwambia aweke mifereji, aachane na maboza.

Akaweka. Aprili iliyofuata akanipigia simu saa kumi na moja alfajiri. Tanki lilikuwa limejaa tangu juzi, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na maji yalikuwa yanateremka kwa mwenzake wa chini.

"Injinia, haya yaliyomwagika usiku huu ni uniti ngapi?"

Nikamuuliza mvua ilikuwa milimita ngapi. Hakuwa na kipimo. Lakini uani kulikuwa na sado moja, kopo la rangi lililosahauliwa wazi, na ndani yake alipima kwa rula ya mtoto maji ya sentimita tatu. Milimita 30 mara 90, toa sehemu ya tano.

"Mbili," nikamwambia, "na madumu manane."